Utambi kwanza, nta baadaye: jibu kwa msomaji wa Tanga anayeanza kutengeneza mishumaa

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Tanga, nataka kutengeneza mishumaa nyumbani niuze. Nimenunua kilo 5 za parafini, gunia walilonikatia limeandikwa 58/60, sijui maana yake. Utambi sikupata, nikatumia uzi wa kufumia vitambaa. Mshumaa wa kwanza uliwaka dakika kumi, ukachimba shimo katikati, ukazama ukazimika. Video ninazotazama ni za Kiingereza na zimejaa maneno: mara stearini, mara soya, mara nta ya nyuki. Kaka yangu yuko Sikonge, anasema nta ya nyuki anaweza kunipatia. Ninunue nini, niache nini?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na huo uzi, maana ndio uliokuangusha. Uzi mwingi wa kufumia unaouzwa siku hizi ni wa akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa laini kama sufu. Ukipata moto hauwaki kama pamba. Unajikunja, unayeyuka, unabaki kidonge cheusi juu ya nta, na kidonge hakinyonyi kitu. Kata kipande cha uzi ule sasa hivi, kishike kwa koleo, kiwashe. Kikinuka plastiki na kuacha tone gumu, kirudishe kwenye kikapu cha kufumia. Kikinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba.

Umeniuliza nta na mimi nakushika na utambi, najua. Lakini mshumaa ni taa, na nta ni mafuta yake yaliyoganda. Leo usiku washa mshumaa wowote wa dukani, uache uwake robo saa, kisha inama uutazame kwa karibu. Kuzunguka utambi kuna kidimbwi cha nta iliyoyeyuka, safi kama maji. Utambi umesimama ndani yake, mweusi, ncha imepinda kando na ina kinukta chekundu. Nta ya kidimbwi inapanda ndani ya utambi kama chai inavyopanda kwenye mkate uliouchovya pembe tu. Ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Sasa uzime kwa pumzi huku ukiwa na kiberiti kinachowaka mkononi, ukiguse kile kiuzi cha moshi mweupe, sentimita mbili juu ya utambi. Moto utaruka na kushuka wenyewe hadi kwenye utambi. Moshi ule ni nta. Watoto wangu nimewaonyesha mara nyingi sana na bado wanasema "tena".

Ukishayaona hayo kwa macho, kasoro nyingi za mshumaa utazisoma mwenyewe. Utambi mwembamba kuliko nta inavyodai huyeyusha eneo dogo, huchimba handaki na kuacha kuta pembeni, mwisho nta yenyewe inauzamisha. Utambi mnene kupita kiasi hunyonya kuliko unavyoweza kuchoma: moto mrefu unaochezacheza, masizi kwenye glasi, na nchani unaota kichwa cheusi kama uyoga. Uliyoyaona wewe ni ya kundi la kwanza, ila uzi wako haukuwa mwembamba tu, haukuwa utambi kabisa.

Dukani omba utambi wa pamba uliosukwa, si uliosokotwa. (Ukisema "tambi" bila kufafanua utaletewa zile za kupika na sukari mwezi wa Ramadhani, nimeshaona.) Wa kusokota husimama wima katikati ya moto, ncha yake inabaki bila kuungua vizuri, inarefuka. Wa kusuka bapa hujipinda, ncha inatoka pembeni panapofika hewa, inaungua na kuwa jivu. Hapo zamani Ulaya watu waliweka mkasi maalumu kando ya mshumaa wa kukatia ncha kila mara, hadi Mfaransa aitwaye Cambacérès alipokuja na utambi wa kusuka katika miaka ya 1820. Mkasi ule ukakosa kazi, ingawa hata leo mimi hukata utambi ubaki milimita 6 kila kabla ya kuwasha.

Tambi nyingine zina kiini ndani, cha karatasi, cha pamba au cha waya wa zinki, ili zisimame wima kwenye nta laini ya glasi. Waya nisioujua siununui. Zamani waliweka waya wa risasi, ile metali laini ya kijivu, nayo ikiungua moshi wake ni sumu. Marekani ilipiga marufuku tambi za risasi mwaka 2003. Ukishuku, chuna pamba, sugua waya kwenye karatasi nyeupe: risasi huacha mstari wa kijivu kama penseli.

Ukikosa wa dukani kabisa, jisukie. Chukua uzi mweupe wa pamba tupu, suka nyuzi tatu pamoja kama nywele za mtoto wa shule. Koroga vijiko viwili vikubwa vya boraksi (unga mweupe wa madini) na kimoja cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya moto, loweka humo usiku kucha, kisha anika hata siku mbili, maana utambi wenye unyevu hutatarika. Boraksi na chumvi kazi yake ni kuufanya uungue taratibu na kuacha jivu dogo. Ukikauka, uchovye kwenye nta iliyoyeyuka. Utaona vipovu vinapanda kutoka kwenye uzi. Hiyo ni hewa inatoka na nta inaingia. Vipovu vikikoma, utoe, uvute unyooke, uulaze kwenye karatasi upoe. Ukikosea hatua hii mshumaa hautashika moto vizuri mara ya kwanza hata kama mengine yote umepatia.

Sasa gunia lako. 58/60 ni joto la kuyeyukia: nta hiyo huyeyuka kati ya digrii 58 na 60 za Selsiasi. Kwa Tanga umenunua sawa, pengine bila kujua. Kuna nta za parafini zinazoyeyuka chini ya digrii 50, laini, za kujazwa kwenye glasi. Ukisimamisha mshumaa wa nta hiyo dirishani mwezi wa Februari, au ukiuacha ndani ya gari lililofungwa vioo, utaukuta umeinama kama mzee anayetafuta ufunguo. Ya 58/60 huvumilia joto zaidi.

Uliza na neno la pili: imesafishwa kabisa au nusu? Parafini inatokana na petroli ghafi, na kiwandani hukamuliwa mafuta. Iliyosafishwa kabisa hubaki na mafuta yasiyozidi asilimia 0.5, ni nyeupe, kavu, haina harufu. Ya nusu ina mafuta zaidi. Bei yake inavutia, lakini hutoa jasho na moshi, na mteja akinunua mara moja harudi. Weka kipande juu ya karatasi usiku mzima. Karatasi ikipata doa la mafuta asubuhi, jua ulichouziwa.

Tahadhari moja ya lugha. Kwenu ukisema parafini muuzaji huenda akakuelewa, lakini Kenya parafini ni mafuta ya taa. Nilipokuwa nafanya kazi Mombasa nilimtuma kijana mgeni kazini alete "parafini kilo kumi". Akarudi na dumu begani, amelowa shati, analalamika kwamba muuzaji kamshangaa kwa kupima mafuta ya taa kwa kilo. Tangu siku hiyo nasema nta ya parafini, maneno matatu, hata nikiwa na haraka.

Stearini, au asidi ya steariki kama utakavyoiona kwenye mfuko, ni vipande au chembe nyeupe zinazofanana na sabuni ya unga iliyogandana. Hutoka kwenye mafuta ya mawese au ya wanyama. Aliyefungua njia yake ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye pamoja na mkemia mwenzake Gay-Lussac walipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya mishumaa ya aina hiyo mwaka 1825. Kabla ya hapo maskini wa Ulaya aliwasha mafuta ya ng'ombe yaliyonuka jikoni, na nta ya nyuki ilikuwa ya kanisa na ya tajiri. Kwako wewe kazi ya stearini ni tatu. Huufanya mshumaa kuwa mgumu, hugeuza ule weupe wa maji wa parafini kuwa weupe wa maziwa, na husaidia nta kusinyaa inapopoa ili itoke kwenye kalibu (chombo cha kuumbia mshumaa) bila ugomvi. Gramu 100 kwa kila kilo ya parafini zinatosha kuanzia. Watu huongeza wakidhani zaidi ni bora, wanapata mshumaa unaovunjika kama chaki. Kwenye mshumaa wa glasi huhitaji kabisa, kwa sababu hapo unataka nta ishike kioo, isikiachie.

Soya ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani, huja kama magamba meupe, na nyingi huyeyuka kwenye digrii 50 hivi au chini kidogo. Ni ya glasi tu. Inabeba manukato vizuri na ikimwagika kwenye kitambaa hutoka kwa maji ya moto na sabuni. Ubaya wake ni kwamba juu huota ukungu mweupe kama barafu, hasa ukitia rangi, na mteja hudhani umeoza. Kwa mtaji wako wa sasa iache. Inaagizwa kutoka nje, na bei yake itakumaliza kabla hujajua kazi.

Nitajibu na swali ambalo hukuuliza lakini majirani zako watakuuliza: kwa nini tusitumie mafuta ya nazi, mbona nazi zimejaa? Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye digrii 24. Wewe wa pwani unajua yanaganda kwenye chupa wakati wa kipupwe, tena asubuhi tu. Bibi zetu waliyawasha kwenye taa, na yanawaka vizuri mno, lakini mshumaa hauwezi kusimama kwa mafuta yanayotiririka saa nne asubuhi. Hiyo inayouzwa kama nta ya nazi imechanganywa na nta nyingine au kugandishwa kiwandani.

Nta ya nyuki ya kaka yako ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu. Sikonge ni Tabora, na Tabora ni miombo na nyuki. Mzinga wa asili wa gogo au gome, ambao wataalamu wa mizinga ya kisasa huudharau, ndio mama wa nta. Mrina asali hukata masega yote, akakamua asali, na nta inabaki mkononi: karibu kilo moja kwa kila kilo kumi za asali. Kwenye mzinga wa fremu, huo wa kisasa, masega hurudishwa kwa nyuki, hivyo nta yake ni kidogo sana, kilo moja au mbili kwa kila mia za asali. Kwa hiyo mwambie kaka aulize kwa wenye mizinga ya magogo, na aulize wanafanyia nini machicha ya masega baada ya kukamua. Wengine huyatupa.

Nta yenyewe huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64, ina harufu ya asali bila kutiwa kitu, na huwaka muda mrefu. Lakini ina masharti yake. Usiiyeyushe kwenye sufuria ya chuma, ya shaba nyekundu wala ya shaba njano, itabadilika rangi. Tumia aluminiamu au chuma cha pua. Usiizidishe digrii 85, huwa nyeusi na harufu nzuri hupotea. Ni nzito kupanda kwenye utambi, kwa hiyo inataka utambi mnene kuliko parafini ya upana uleule. Na inang'ang'ania kalibu. Paka maji ya sabuni kidogo kabla ya kumimina. Ikikaa wiki kadhaa huvaa utando mweupe kama vumbi la unga. Si uchafu wala si dalili ya kughushiwa, futa kwa kitambaa laini.

Kughushi kupo, hata hivyo. Wachuuzi huchanganya na parafini au mafuta ya wanyama. Vunja kipande kilicho baridi: nta halisi huvunjika kwa uso mkavu wenye chembechembe, na ukiitafuna kidogo haigandi kwenye meno. Iliyochanganywa mafuta ya wanyama huteleza vidoleni na kunuka ukoko wa sufuria ya nyama. Ukiwa na kipimajoto, yeyusha polepole. Ikianza kuyeyuka kwenye digrii 55, mwombe kaka atafute mtu mwingine. Aanze kukutumia kilo moja, si gunia.

Kwenye manukato wanaoanza huharibu pesa nyingi. Marashi ya kujipulizia yana spiriti, hayachanganyiki na nta na yanaweza kulipuka moto usoni mwako. Marashi ya waridi ya kwenye kirashi ni maji; yatazama chini na kutatarika. Unachotaka ni mafuta ya kunukia, ya mmea au ya kiwandani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya nta. Asilimia 6 ya uzito wa nta ni mwanzo mzuri, yaani gramu 30 kwa nusu kilo. Ukizidisha sana nta haiwezi kuyabeba, yanatoka juu kama jasho na kuziba utambi.

Wewe uko pua na mdomo na Pemba, ambako hukamuliwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Yanafaa, lakini ni mazito kuliko maji, na nta ni nyepesi kuliko maji. Mishumaa yangu ya kwanza ya karafuu nilimimina mafuta, nikakoroga mara tatu kama anayetia sukari, nikajaza glasi. Ilinuka siku ya mwisho tu, moto ulipofika chini, na nyumba nzima ikakohoa. Siku hizi nakoroga dakika mbili kamili kwa saa, nta ikiwa kwenye digrii 80 hivi, na karafuu natia kiasi kidogo kuliko harufu nyingine kwa sababu ina nguvu.

Rangi iwe ya kuyeyuka kwenye mafuta. Rangi ya keki ni ya maji, itajikusanya chini. Kalamu za rangi za watoto zinaonekana kufaa, nta kwa nta, lakini rangi yake ni unga usioyeyuka na huziba utambi ndani ya saa moja.

Kalibu, ambayo wengi sasa wanaiita moldi, si lazima iwe ya kununua. Kipande cha bomba la plastiki la maji, kilichopasuliwa kwa urefu na kufungwa tena kwa mpira, kinatoa mishumaa mizuri. Paka mafuta ya kupikia kiasi cha kung'aa tu. Parafini imimine ikiwa digrii 75 hadi 80. Itakapopoa utaona jambo litakalokutisha: kuzunguka utambi kunabonyea, panakuwa na shimo. Nta husinyaa inapoganda, na katikati huganda mwisho, ndipo inapovutwa. Bakiza nta kidogo sufuriani. Juu pakiganda, toboa kwa kijiti kando ya utambi, mimina tena ujaze. Aliyekuuzia mshumaa mwepesi wenye tundu ndani aliruka hatua hii.

Kuhusu moto nitakuwa mkali kidogo. Nta haichemki kama maji kukuonya. Inanyamaza, inafuka moshi, kisha inawaka ghafla. Yeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Maji hayavuki digrii 100, kwa hiyo nta nayo haivuki. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uondoe jikoni. Usimwagie maji hata tone: maji yanageuka mvuke chini ya nta na kurusha moto hadi darini. Jiko la mkaa liweke chini ya kiwango cha sufuria bila ndimi kupanda pembeni, na watoto wawe nje. Mabaki usiyamwage kwenye sinki, yataganda bombani.

Kwa hiyo ukienda dukani wiki hii nunua utambi wa pamba uliosukwa wa unene wa aina tatu, mita moja moja, stearini nusu kilo, kipimajoto cha jikoni, na mizani ya gramu kama huna. Mizani usiikwepe, vikombe hudanganya: glasi inayojaa gramu 200 za maji itachukua nta ya gramu 170 hadi 180. Chukua glasi tatu zinazofanana, nene, zisizo na ufa, tia nta ileile, kila moja na utambi wake. Hapo ukitumia 58/60 yako tupu kwa majaribio inatosha, ingawa glasi hupendelea nta laini zaidi. Ziwashe pamoja na uhesabu saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana wa glasi. Ule ambao kidimbwi chake kimefika ukingoni kwa wakati huo, bila masizi na bila glasi kuwa ya moto isiyoshikika, ndio utambi wako kwa glasi hiyo na nta hiyo. Ukibadilisha nta, glasi au manukato, jaribio linaanza upya. Hata mimi na miaka yangu hulirudia. Andika kwenye daftari, kwa sababu wiki ya tatu utaapa unakumbuka na utakuwa umesahau.

Ule mshumaa uliozama usiutupe. Uvunje, uyeyushe, chuja kupitia kitambaa cha khanga iliyochakaa ili kidonge cha akriliki kibaki juu, na nta itakayopita itumie kwenye hizo glasi tatu.